Oili ya giaboksi ya zamani: jinsi ya kuchagua uzito (mnato) unaofaa, hatua kwa hatua

Mzee mmoja aliniletea Land Rover 110 yake ya mwaka 1987. Gia ya pili ilikuwa inagoma asubuhi, na ukiilazimisha inakwaruza mpaka unaisikia kwenye kiganja. Akaniambia, "Fundi, giaboksi imechoka. Weka namba 140. Gari likizeeka linataka oili nzito." Nikamjibu, "Mzee wangu, kabla hatujaongeza uzito, tuone kwanza ndani kuna nini." Nilipofungua nati ya kumwagia ikashuka oili ya 90, nyeusi, inanuka kiberiti. Giaboksi ile ni LT77, na kiwanda kiliiagizia ATF, oili nyepesi nyekundu ambayo wengi wetu tunaijua kwa gari za otomatiki na steringi za pawa. Gari lilikuwa limeshaongezewa uzito mara moja bila mwenyewe kujua, na sasa alikuwa anaomba liongezewe mara ya pili.

Tulirudisha ATF. Baada ya siku chache gia ya pili ikawa inaingia asubuhi bila ugomvi. Mvumo wa beringi ulibaki palepale, maana beringi ilishakufa na oili haifufui chuma. Nimeanza na gari hilo kwa sababu lina kosa ninaloliona kila mwezi: watu wanachagua oili kwa umri wa gari, wakati giaboksi ilitengenezwa kwa uzito fulani na uzito huo haubadiliki kwa kuwa miaka imepita. Kuna nafasi ndogo ya kusogea, nami nitaionyesha ilipo. Lakini ni ndogo.

Hatua ya kwanza: ijue giaboksi kwa jina lake

Usianze na jina la gari. Gari moja linaweza kuwa limetoka kiwandani na giaboksi tofauti kwa miaka tofauti, na gari la zamani huku kwetu huenda limeshabadilishiwa. Nimeona Land Rover zenye injini ya Toyota na giaboksi yake, na kitabu cha Land Rover bado kimo kwenye droo.

Kwa Toyota, tazama kibati cha maelezo kwenye chumba cha injini, mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kisha lala chini ulinganishe na unachokiona. Kwa Land Rover kuna njia rahisi zaidi: tazama rivasi iko wapi. Kama una gia tano na rivasi iko kushoto kabisa, juu, jirani na gia ya kwanza, hiyo mara nyingi ni LT77. Kama rivasi iko kulia, chini ya gia ya tano, hiyo ni R380, iliyoingia mwaka 1994. Kama una gia nne tu, na pembeni kuna kirungu chekundu na kingine cha manjano, uko kwenye Series za zamani.

Tofauti hiyo ya vyuma ndiyo inayobadilisha oili. Series inatumia 90 ya EP (yenye dawa ya kuhimili mgandamizo) kwenye giaboksi, karibu lita 1.5, na kwenye transfa pia, yaani boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, karibu lita 2.5. LT77 inatumia ATF ya Dexron II, karibu lita 2.2, lakini transfa iliyofungwa nyuma yake, LT230, inataka 90. Kwa hiyo kwenye gari moja una oili mbili tofauti zinazotenganishwa na sili tu. R380, kiwanda kilikuja kuielekezea MTF94, oili maalumu ya giaboksi ya mkono. Land Cruiser yenye H55F inataka 75W-90, na inameza karibu lita 4.9. Honda nyingi za zamani, kabla kampuni haijatoa oili yake ya giaboksi, ziliagiziwa oili ya injini ya 10W-30 au 10W-40. Ukimwaga 90 kwenye Honda ya namna hiyo kwa kuwa "giaboksi ni giaboksi", umeiharibia siku.

Ukishalijua jina la giaboksi, tafuta kitabu chake. Andika vitu vitatu: uzito, daraja la GL (alama ya aina ya dawa iliyomo kwenye oili, nitaieleza hatua ya tatu), na lita.

Hatua ya pili: elewa namba zinasema nini

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na sioni ajabu. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini zinatoka kwenye vipimo viwili tofauti. Mtu anaona 40 kwenye injini na 90 kwenye gia, anaamini 90 ni nzito mara mbili na zaidi. Sivyo. Oili ikiwa kwenye joto la nyuzi 100, namba 90 ya gia ina mnato wa sentistoki (kipimo cha mnato; namba ikipanda, oili ni nzito zaidi) 13.5 hadi 18.5. Namba 40 ya injini ina 12.5 hadi 16.3, na namba 50 ina 16.3 hadi 21.9. Kumbe 90 ya gia inakaa palepale kati ya 40 na 50 za injini.

Namba yenye W mbele inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. 75W imepimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Afrika Mashariki hatuamki na baridi hizo, ila kama unalala kileleni. Usifikiri basi kwamba W haina kazi kwetu. Oili yenye W ndogo hubaki nyepesi zaidi hata kwenye baridi yetu ya kawaida, na anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba Makete, Njombe au kwenye ukingo wa Ngorongoro anaisikia tofauti hiyo mkononi.

Tazama sasa inavyokuwa gari likiwa bado halijapata moto. Kwenye nyuzi 40, ATF ina sentistoki 35 hivi. 80W-90 ya kawaida ina 140 hivi. 85W-140 inafika 350 au zaidi. Mzee wangu wa Land Rover alikuwa anaomba oili nzito mara kumi ya ile aliyoandikiwa, na hapo ni kwenye nyuzi 40. Alfajiri pengo huwa kubwa zaidi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya zamani haviwezi kukuambia. Zamani namba 90 ilikuwa pana, kuanzia 13.5 hadi 24. Mwaka 2005 ikapunguzwa ikaishia 18.5, na sehemu ya juu ikapewa namba mpya, 110. Kwa hiyo kitabu cha mwaka 1982 kikisema 90, ndani yake kilikuwa na kile ambacho leo kopo linaandika 110. Shikilia hilo, tutalirudia kwenye giaboksi zilizochakaa.

Kwa nini uzito una maana kubwa hivi? Fungua giaboksi uishike sinkro moja, ile pete ya shaba. Pitisha ukucha kwa ndani. Utahisi mistari myembamba kama uzi wa bolti. Kazi ya mistari hiyo ni kukata utando wa oili ili pete iung'ate mdomo wa gia, iupunguze au kuuongeza mwendo, ndipo meno yakutane yakiwa na kasi moja. Yote hayo yanatokea kufumba na kufumbua. Oili ikiwa nzito mno, utando haukatiki kwa wakati. Pete inateleza, meno yanakutana hayajalingana, unasikia krrr. Na pete ya giaboksi ya zamani mistari yake imeshalika, kwa hiyo uwezo wake wa kukata oili nzito ni mdogo kuliko ilipokuwa mpya. Ndiyo maana oili nzito mara nyingi inaiumiza zaidi giaboksi iliyozeeka, upande wa kubadilisha gia.

LT77 ina sababu ya ziada. Ndani yake kuna pampu ndogo inayovuta oili na kuipeleka kwenye shafti. Pampu hiyo ilipangwa ivute oili nyepesi. Ukiipa 90 kwenye baridi inavuta kwa shida, na sehemu za mbali zinazunguka bila ulainisho wa kutosha.

Hatua ya tatu: daraja la GL, ambalo wengi hawalisomi

Uzito sahihi wenye daraja lisilofaa bado ni oili isiyofaa. GL-4 ni ya giaboksi za mkono na gia za kawaida. GL-5 ilitengenezwa kwa difu za haipoidi, gia za kwenye ekseli, ambako meno yanateleza juu ya mwenzake kwa mgandamizo mkubwa, kwa hiyo ina dawa ya kiberiti na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Dawa hiyo inashika chuma kikiwa na moto. Aina nyingine za GL-5 hushambulia shaba pia, na sinkro nyingi za zamani ni za shaba. Zaidi ya hapo, utelezi wake unaizuia pete ising'ate.

Sisemi GL-5 ni sumu kila mahali. Toyota kwenye giaboksi zake nyingi za zamani imeruhusu GL-4 au GL-5, maana ilijua vyuma ilivyoviweka. Kitabu kikiruhusu zote mbili na giaboksi imechoka, mimi nachagua GL-4. Kitabu kikisema GL-4 peke yake, usiweke GL-5, hata muuzaji akikuapia kwamba "tano ni kubwa kuliko nne." Hizi si ngazi za ubora.

Oili ya difu yenye dawa ya limited slip (difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) nayo isiingie kwenye giaboksi yenye sinkro. Dawa hiyo imewekwa makusudi kupunguza msuguano, na sinkro inaishi kwa msuguano.

Malori yenye giaboksi zisizo na sinkro, kama Fuller za zamani, yana kanuni zake. Nyingi ziliagiziwa namba 50 ya injini au oili ya gia isiyo na dawa kali. Huko usibahatishe, fuata kitabu.

Hatua ya nne: imwage oili ya zamani, uisome

Endesha gari nusu saa ipate moto, simamisha mahali tambarare, zima, weka kizuizi kwenye matairi. Sasa sikiliza vizuri: fungua nati ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia. Nimeshaona gari limemwagwa oili yote halafu nati ya kujazia imeshika kutu na kuchakaa pembe, haifunguki. Gari likabaki juu ya shimo siku mbili. Ikifunguka kwanza, endelea. Ikigoma, angalau bado una oili ndani.

Kinga kwenye beseni safi, ulitoe juani. Oili nyeusi tupu si habari mbaya, ni umri. Ikiwa na rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hiyo hutokea kwa gari linalovuka mito kama bomba la kupumulia halijakaa sawa. Rekebisha hilo kwanza, vinginevyo oili mpya itaharibika vilevile. Ukizungusha beseni ukaona vumbi linalometameta rangi ya dhahabu, hiyo ni shaba ya sinkro. Kidogo ni uzee wa kawaida. Kikiwa kingi kama mchanga mwembamba, sinkro zinaondoka, na kopo lolote la oili halitazirudisha. Nati ya kumwagia ikiwa na sumaku, utope wa kijivu laini ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida: ni jino au beringi, na hapo giaboksi inashushwa.

Nusa pia. Harufu kali ya kiberiti inakuambia kuna oili ya gia ndani, hata mwenye gari akikuambia ni ATF. Kama ulinunua gari juzijuzi na oili imetoka nzito kama uji au ina vumbi la mbao, jua kuna mtu aliificha kelele akauza.

Kwa Land Rover yenye LT77, fungua na nati ya kipimo ya transfa. Oili ikichuruzika nyingi na ina wekundu, sili iliyo katikati imechoka, na ATF ya giaboksi inahamia transfa. Utabaki ukijaza giaboksi kila wiki na kulaumu oili.

Hatua ya tano: tenga yanayotibika kwa oili na yasiyotibika

Gia zinagoma asubuhi, zikipata moto zinaingia vizuri: oili ni nzito mno au si daraja lake. Hapa oili ndiyo dawa.

Gia zinaingia vizuri asubuhi, zikishapata moto zinakwaruza na kelele inaongezeka: oili imekuwa nyepesi, imekwisha, au sinkro zimelika. Pima kiwango kwanza kabla ya kufikiria uzito.

Rivasi inakwaruza gari likiwa limesimama: acha gia ikae nyutro, kanyaga klachi, hesabu hadi kumi, ndipo uweke rivasi. Ikikwaruza bado, klachi haiachii. Watu wamebadilisha oili mara tatu kwa tatizo la silinda ya klachi inayovuja.

Mvumo upo gari likiwa nyutro na mguu umetoka kwenye klachi, ukikanyaga unatoweka: beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini. Kwa giaboksi ambayo gia ya nne inapita moja kwa moja, mvumo unaopotea ukiweka ya nne unaelekeza kwenye shafti ya chini. Gia inayojitema mwendoni ni vyuma vilivyolika. Hayo yote si ya oili.

Hatua ya sita: amua uzito

Anza na ulichoandikiwa na kitabu. Ukikuta kitabu kinatoa chaguo kwa hali ya hewa, kwa mfano 80W-90 au 75W-90, anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga na kubeba mizigo anaweza kuchukua 80W-90 bila wasiwasi. Anayeishi nyanda za juu, au mwenye sinkro zinazolalamika asubuhi, achukue 75W-90. Kwenye moto zote ni 90, ulinzi wa meno ni uleule. Tofauti iko kwenye dakika kumi za kwanza, ambazo ndizo sinkro ya zamani inateseka.

Sasa ile nafasi ndogo ya kusogea. Kama giaboksi iliandikiwa 90, gia zote zinaingia vizuri baridi na moto, lakini kuna mvumo kidogo ukiwa na mzigo, unaweza kupanda hadi 110, kwa mfano 80W-110 au 85W-110, ikiwa unaipata ya GL-4. Kumbuka kitabu cha zamani kilikuwa kinaihesabu ndani ya 90. Usiruke kwenda 140. Kama giaboksi ni ya ATF na inavuma, hatua inayokubalika ni oili ya giaboksi ya mkono ya 75W-80, jirani na ATF kwa uzito na yenye ulinzi zaidi. Hapo napo usiende 90.

Kushuka pia kuna mpaka. Kuna wanaochanganya ATF kidogo kwenye 90 ili gia zilainike. Zitalainika, kweli, ila sasa huna ATF wala huna 90, na meno yanayobeba mzigo kupanda mlima Sekenke yanategemea utando ambao umeupunguza kwa kukisia.

Hatua ya saba: kununua

Nunua kopo lililofungwa, lenye uzito na GL vimeandikwa wazi. Oili ya kupimiwa kwenye pipa inaweza kuwa nzuri, lakini huwezi kujua ni GL ngapi, na kwenye giaboksi hilo ndilo swali. Kopo lililoandikwa "GL-4/GL-5" linahitaji umakini: mara nyingi ni GL-5 inayodai kutosheleza yote. Kama sinkro zako ni za shaba na kitabu kinasema GL-4, tafuta lenye GL-4 peke yake. Kwa oili ya sintetiki, ndiyo, ni bora kwenye baridi na inadumu, lakini giaboksi yenye sili kuukuu inayovuja haistahili gharama hiyo mpaka sili zibadilishwe.

Hatua ya nane: kujaza

Safisha nati ya kumwagia na sumaku yake, weka washa mpya, kaza kwa nguvu ya kawaida. Mdomo wa aluminiamu unaharibika haraka ukiukaza kama nati ya tairi. Jaza kwa pampu ya mkono au mpira na faneli, polepole, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Subiri iache kuchuruzika, funga. Ukijaza gari likiwa limeinama upande au pua iko juu, kipimo kinakudanganya. Kujaza kupita kiasi hakusaidii: oili inapigwa povu, inapata moto, inatafuta sili ya kutokea.

Kama ndani kulikuwa na oili isiyofaa, kama ile ya mzee wangu, jaza sahihi, endesha kilomita 500, mwaga, jaza tena. Mabaki ya 90 kwenye kona za giaboksi si machache, na kichujio kidogo cha LT77 kinastahili kusafishwa wakati huohuo. Oili chafu itie kwenye dumu uipeleke kwa wanaoikusanya. Usiimwage kwenye mtaro.

Hatua ya tisa: kuijaribu

Siku ya kwanza usihukumu. Sinkro iliyozoea oili ya GL-5 inachukua muda kurudia kung'ata, na nimeona gia zikiendelea kulainika mpaka kilomita mia kadhaa. Jaribu mara mbili kwa siku: asubuhi kabla injini haijapata moto, shusha kutoka tatu kwenda mbili kwa upole, na jioni baada ya safari ndefu ufanye vilevile. Linganisha na gia zilivyokuwa kabla ya kumwaga. Kila wiki pima kiwango cha giaboksi na cha transfa. Kimoja kikishuka na kingine kikipanda, umeshajua sili ipi. Baada ya kilomita 1,000, ikiwa asubuhi na jioni gia zinaingia sawa na mvumo haujaongezeka, umefika.

Mwisho, chukua rangi nyeupe, andika kwenye ukuta wa chumba cha injini: aina ya oili, GL, tarehe, kilomita. Kwenye ile Land Rover ya mzee niliandika "GIABOKSI ATF, TRANSFA 90" kwa herufi kubwa, ili fundi atakayelala chini ya gari hilo baada yangu asiijaze kwa mazoea.